Nilimwambia Mzungu Kuna Njaa Ugogo

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kutunga uzi kwenye sindano. Anayeleta suruali kutiwa kiraka anauliza, anayekuja kuchukua kanzu anauliza, na wale wasio na nguo ya kuleta wala ya kuchukua wanakaa barazani kwangu wananitazama mdomo. "Fundi, ilikuwaje? Ni kweli Mzee Shija alifungwa kwenye nguzo? Ni kweli aliyemkamata ni mwanamke?" Nimesimulia hadi najisikia mwenyewe naongeza chumvi. Basi naandika mara moja, kama ilivyokuwa, na karatasi hizi nitazitundika kwenye msumari karibu na mkasi. Anayejua kusoma amsomee mwenzake, mimi niacheni nishone.

NG'AMBO

Kazi yenyewe mnaijua. Mzungu mmoja alikuja Tabora na mashine ya kupiga picha zinazotembea. Hakuwa mtu wa serikali wala wa misheni. Huzunguka dunia akipiga picha za watu, mila zao na shida zao: wavuvi wa nchi za barafu, wachimba makaa, watu waliokimbizwa na mafuriko. Kwetu alitaka msafara wa kale, wapagazi wa Kinyamwezi wakifuata njia ya pembe za ndovu kwenda pwani, kama walivyotembea kabla ya reli ya Mjerumani. Alinichukua mimi kwa sababu mbili. Nilikuwa najua kushona, na Kiingereza nilikileta kutoka vitani Bama pamoja na buti zangu.

Nikamshonea mashuka kumi ya merikani, pindo zote nimezikunja mara mbili. Aliyatazama, akasema ni mazuri sana, halafu akachukua wembe akayachana, akayasugua kwenye vumbi la uani kwa kiatu chake. "Hawa ni watu wa shida," akaniambia. Nikamjibu kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akienda pwani alivaa vizuri kuliko karani wa leo, maana alikuwa anakwenda kuonekana. Maneno yangu yalipita sikio hili yakatokea lile. Nilikasirika nikataka kuacha kazi siku hiyohiyo, na ningeacha kama si Mzee Shija.

Vijana tisa wa kubeba mizigo tuliwapata hapa hapa Ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba kitu kizito kuliko gunia la karanga. Mpagazi wa kweli alikuwa mmoja tu. Mzee Shija alikuja kwa miguu kutoka kijijini kwake aliposikia habari. Ni mzee mkali, mwenye majivuno, anayekosoa kila kitu hata chai ya bure. Begani ana sugu nene ya mizigo ya ujana wake, na huifunua hata asipoulizwa. Alipofika hakuuliza ujira wala chakula. Aliuliza jambo moja.

"Fundi, mtafika Ugogo?"

"Ndivyo ilivyopangwa, mzee wangu."

Akaketi chini, akaanza kuwakemea vijana jinsi walivyofunga mizigo.

KIGWA

Yule bwana alikuwa na maneno matatu ya Kiswahili: "subiri", "tena" na "msicheke". Vijana wakambatiza Bwana Tena, nami nitamwita hivyo, kwa wema. Ni mtu mpole, anagawa biskuti zake, na jua letu lilimchuna pua hadi nikamwonea huruma. Lakini kurudia, jamani! Kijilima kimoja kabla ya Kigwa tulikipanda mara sita. Wanawake waliotoka shambani wakasimama kututazama, na kila tulipokipanda upya walizidi kutushangilia.

"Nyie, mmesahau nini kule chini?" mmoja akauliza.

Vijana wakaangua kicheko. "Msicheke! Tena!" Tukashuka, tukakipanda mara ya saba. Bwana Tena alisema anataka picha ya kweli tupu, na ili aipate ilitubidi tujifanye tumechoka. Ilipofika mara ya saba hatukuhitaji kujifanya.

Pale Kigwa mawingu yalitufungia siku mbili, maana mvua za mwisho zilikuwa bado hazijaamua kuondoka na ile mashine haioni bila jua. Tulilala kwa familia moja ya Wakatoliki, watu wakunjufu kupita kiasi. Walitupa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa juani, tukavichovya kwenye asali ya porini hadi vidole vikanatana. Jua lilipochungulia kidogo, Bwana Tena akaomba kumpiga mama mwenye nyumba picha akisaga. Mama akaingia ndani. Tukangoja. Alipotoka alikuwa ameoga, amevaa gauni la Jumapili, rozari shingoni na viatu vya mwanawe miguuni. Bwana Tena akaniambia nimwombe arudie nguo zake za kusagia.

"Picha inakwenda Ulaya?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Halafu mimi niende na nguo ya jikoni? Mwambie thubutu!"

Na jua nalo likaingia mawinguni. Hakuna aliyepigwa picha siku hiyo.

Mchana huo, tukiwa tunabangua karanga ukumbini, nilimuuliza Mzee Shija kwa nini anaitamani Ugogo kama mtoto anavyotamani sikukuu. Alimaliza kwanza karanga zilizokuwa mkononi. Kisha akanieleza, nami nawaelezeni kwa sababu yeye mwenyewe amenipa ruhusa.

Nyuma yake kwao alizaliwa Kashinde. Mnajua wenyewe, kwetu mtoto afuataye mapacha ni Shija, na amfuataye Shija ni Kashinde. Walikwenda pwani pamoja katika moja ya misafara ya mwisho, Shija kijana aliyeanza kuota ndevu, Kashinde bado hajaota chochote. Walipovuka Mgunda Mkali, lile pori refu lisilo na maji, mguu wa Kashinde ukavimba. Walipoingia Ugogo hakuweza tena kuukanyagia, na msafara haungoji mguu wa mtu. Shija akamwacha kwenye nyumba moja ya Wagogo iliyo kando ya njia. Akamwambia, "Nikirudi nitakuchukua."

"Ulirudi?" nikauliza.

"Pwani niliandikwa kazi ya mkonge. Nilisema mwaka mmoja. Ikawa mitatu. Nikakutana na mpagazi aliyetoka bara, akaniambia Kashinde amekufa, watani wetu Wagogo wamemzika." Alichukua karanga, akaishika bila kuibangua. "Nilirudi nyumbani kwa njia nyingine. Reli ilipokuja nimepita pale mara mbili kwa gari la moshi. Mara zote nilijifunika shuka usoni. Fundi, nataka kujua kitu kimoja kabla sijafa. Alikufa akinilaani au vipi?"

Tangu hapo sikukumbuka tena mashuka yangu.

MSAFARA NDANI YA TRENI

Hapa lazima niseme siri ambayo picha haitaisema. Msafara wa kale ulipanda treni. Bwana Tena alikuwa na mahali anapopataka na mahali asipopataka, na katikati ya hapo na hapo alitukatia tiketi za daraja la tatu. Tukapanda Kigwa na mashuka yetu yaliyochanwa, mikuki, ngoma, na pembe ya ndovu iliyochongwa na seremala wa mtaani kwetu ikapakwa chokaa. Abiria wakatupisha upesi. Bibi mmoja aliyekuwa na kuku wawili akatutazama juu hadi chini, akanong'ona na mwenzake, kisha akatukatia kila mmoja kipande cha mhogo.

"Poleni wanangu. Mmeunguliwa na nyumba?"

Kijana mmoja akafungua mdomo aeleze, Mzee Shija akamkanyaga mguu. "Tumeshapoa, mama," akasema, akapokea mhogo wake na wa yule kijana pia.

Treni likasimama mahali pasipo na stesheni wala nyumba, saa nne nzima. Wengine walisema injini inataka maji, wengine walisema kuna twiga kwenye reli. Mbung'o wakaingia madirishani wakatukaribia kwa furaha. Bwana Tena alikuja kutoka daraja lake na mashine begani, akitafuta nyuso za watu wanaoteseka kwa safari, akalikuta behewa zima linaimba, kwa kuwa vijana walikuwa wameipata ile ngoma. Alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaenda zake bila kupiga picha.

TURA

Tura ndiko pori linakoanzia, na picha za Mgunda Mkali tulizipiga hapo karibu, umbali wa kusikia filimbi ya treni. Siku tatu tulikwenda na kurudi kati ya miti ileile. Vijana walilala chini wakijifanya wanakufa kwa kiu, na mmoja alilala vizuri mno hadi akakoroma. Chakula kilikuwa ugali na uyoga uliokaushwa, tena uyoga, tena uyoga.

Siku ya tatu Bwana Tena akaniita kwenye hema. Alikuwa ameyapanga makopo yake ya mikanda, na ambayo hayakuwa na picha bado yalikuwa mawili tu. Akaniambia ameshapiga picha za shida za kutosha, kesho tutageuza kurudi Tabora.

Nikatazama nje. Mzee Shija alikuwa ameketi peke yake, ameelekea mashariki, ameshafua shuka lake na kulianika kwenye kichaka. Alijua safari iliyobaki ni siku moja tu ya treni. Moyo uliniuma. Nilitafuta neno la kumwambia yule Mzungu, na nawaapieni sikuwa nimepanga. Lilinitoka lenyewe.

"Bwana, Ugogo kuna njaa."

Akainua kichwa. "Njaa kubwa?"

"Watu wanakula mizizi," nikasema. Uongo ukishaanza huomba mwenzake. "Na majani."

Jamani, uso ulimng'aa kama wa mtu aliyesikia mkewe kajifungua salama! Akayafunga yale makopo mawili upya, akanishukuru kwa mkono. Watu wazima wanaonijua watashangaa, maana mimi hata kipimo cha kiuno simdanganyi mtu. Lakini nilifanya, na ningefanya tena.

Mzee Shija nilimwambia tu, "Kesho tunapanda treni la mashariki." Alikwenda kugeuza shuka lake likauke upande wa pili.

UGOGO

Nilijua nimekwisha tangu tuliposhuka stesheni. Wagogo walikuwa wamevuna. Juu ya kila tembe, kwenye yale mapaa yao bapa ya udongo, mtama ulianikwa mwekundu, na watoto mashavu yamejaa. Mwanamke mmoja alitupa kibuyu cha maziwa ya mgando kabla hatujamaliza kuwaamkia "mbukwenyi". Bwana Tena akanywa, akafuta masharubu, akanigeukia.

"Fundi, njaa iko wapi?"

"Labda mbele kidogo, bwana."

Tukaenda mbele kidogo. Kulikuwa na mtama zaidi. Tukaenda tena mbele, tukakuta pombe. Alikuwa ameanza kuniita kwa jina langu kamili, dalili ambayo niliijua tangu jeshini, Mzee Shija aliposema, "Ni pale." Alionyesha tembe refu lenye zizi pembeni. Alisema kwa sauti ndogo kabisa. Kisha akaanza kwenda, sisi nyuma yake.

Mnajua Mzee Shija anavyotembea. Bega la kulia limeshuka kwa ajili ya mizigo, na mguu wa kushoto anautupa nje kila hatua, kana kwamba anamwondoa mbuzi njiani. Uani palikuwa na mwanamke wa makamo makubwa akitwanga. Alisikia vishindo, akainua uso, lakini hakumtazama mzee usoni. Alitazama miguu yake. Mchi ukabaki juu.

"Shija!" akaita.

Hakuna aliyekuwa amemtaja jina. Mzee alisimama pale pale kama aliyepigwa. Yule mwanamke, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Bibi Nyemo, akapiga kelele kwa Kigogo, na wanaume wanne wakatoka tembeni mbio. Wakamkamata Mzee Shija, wakampeleka hadi kwenye nguzo ya ukumbi, wakamfunga kwa ukanda wa ngozi.

"Mtumwa wetu amerudi!" mmoja wao akapaza sauti. "Tumemzika mtu wenu, tanga halijaanuliwa miaka yote hii, mfiwa anatembea tu pwani anakula samaki!"

Bwana Tena aligeuka mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Alitaka tukimbie stesheni tukapige simu kwa polisi. Nikamshika mkono. Nikamwambia hawa ni watani wetu, toka enzi za misafara, na mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya na kukufunga, hasa penye msiba. Msibani wao ndio wanaocheka ili sisi tuweze kulia. Akaniuliza ni msiba wa nani. Nikamwambia ni wa mtoto aliyekufa kabla mimi sijazaliwa.

Mzee Shija hakupigana na ukanda. Aliinamisha kichwa, akasema, "Watani, nifungeni mnavyotaka. Niambieni tu. Kashinde alikufa akinilaani?"

Kelele zikaisha. Bibi Nyemo aliuchukua ule mchi wa kutwangia, akauweka begani, bega la kulia. Likashuka. Akaanza kutembea uani, na mguu wake wa kushoto ukatupwa nje, na kila hatua ikawa hivyo. Alikwenda hatua kumi, akageuka ghafla, akatoa macho, akaanza kukemea watu wasioonekana kwamba mizigo imefungwa kama ya wanawake wanaokwenda harusini. Yalikuwa maneno yale yale, na kwa sauti ya puani vile vile, ambayo vijana wetu walikuwa wanayasikia tangu Ng'ambo. Vijana walitazamana. Kisha wakacheka hadi wakakaa chini, na Wagogo wakacheka, na mimi nikacheka. Kwenye nguzo pale, Mzee Shija hakucheka.

"Nani amekufundisha hayo?" akauliza.

"Mdogo wako," akasema Bibi Nyemo. Sasa aliongea taratibu, Kiswahili chake cha watu wa kando ya njia. "Nilikuwa msichana, miaka yangu kama kumi na miwili. Alikaa kwetu miezi minne. Kila tukimaliza kula tulimwambia, Kashinde, tuigizie kaka yako. Akiinuka na fimbo yake, hivi, mguu wenyewe mbovu, na mama yangu anacheka mpaka anamwomba anyamaze. Nyumba yote hii ilikujua wewe. Watoto wangu wanajua kutembea kama Shija."

"Na siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho hakuweza kuinuka. Tukakaa naye. Akatoa mkono kwenye ngozi aliyojifunika, akafanya hivi." Aliketi chini, akaweka vidole viwili juu ya paja lake, akavitembeza. Kidole kimoja alikitupa nje kila hatua. "Akasema, huyo anakuja. Ana hasira, lakini anakuja."

Nililia, wala sioni haya kuliandika. Vijana waliacha kucheka. Mzee Shija alitazama vile vidole hadi vilipokoma kwenye goti.

Kisha akasema, kwa ukali wake wa siku zote, "Nifungueni."

Wakamfungua. Nilidhani atakwenda kulia pembeni, kama ilivyo desturi ya mfiwa. Hakwenda. Alimwinua Bibi Nyemo, akauokota mchi, akamrudishia begani mwenyewe, akaulaza vizuri zaidi, maana hata hapo alikuwa na la kukosoa. Akamwambia, "Tangulia." Yule mama akatangulia, bega limeshuka, mguu unatupwa nje.

Naye Mzee Shija akamfuata nyuma hatua mbili. Lakini hakutembea mwendo wake. Mwendo ule sijawahi kuuona kwake kabla wala baada. Alirukaruka, shingo mbele, mkono mmoja kisogoni, akipiga mbinja kwa meno, mara anageuka kutazama ndege, mara anakimbia ili asiachwe. Bibi Nyemo akachungulia nyuma, akaweka mkono mdomoni. "Ndiye!" akasema. "Jamani, ndiye huyo!" Machozi yakamtoka, na alikuwa hajayatoa kwa utani wote ule.

Bwana Tena alikuwa ameshaweka jicho kwenye mashine, na mashine ilikuwa inanguruma. Hakuliondoa jicho, alininong'oneza tu kwa pembe ya mdomo, "Fundi, nieleze, sielewi. Yule mzee anamfuata nani?"

"Yule mama ndiye Shija," nikamwambia. "Mzee ni Kashinde."

Walikwenda hadi kwenye zizi, wakageuka, wakarudi wote wawili.